Mguu wa Bi Kidawa

Sisi hatukuwepo, majimoto walikuwepo, wale sisimizi wekundu wanaoshona nyumba kwa majani ya mlimau. Hushikana viuno, mmoja nyuma ya mwenzake, wakavuta majani mpaka yakutane. Akiachia mmoja, nyumba hupasuka na mayai humwagika.

Kila asubuhi Bi Kidawa, kikongwe wao, alimpa kila mmoja mguu wake aushike, ajue nani bado ana mshiko.

Siku moja wote walimlalamikia bibi juu ya Makame, aliyenenepa kama papai. "Bibi, huyu atatumaliza. Mfunge."

Makame akaushika mguu, nusura aung'oe.

"Mlafi, lakini hatoki hapa," bibi akasema, akijikanda.

Akaja Shaali, mwembamba, mwenye adabu zake. "Shikamoo, bibi." Mguu akaugusa kama anayegusa kaa la moto.

"Marahaba. Mbona hushiki?"

"Naionea huruma mifupa yako, bibi."

"Jana ilikuwa mifupa hii hii, ukashika. Mfungeni huyu."

Wakacheka. Bibi kazeeka, walisema, na bibi alipokwenda kulala wakamfunga Makame.

Adhuhuri Shaali akaachia kiuno cha mwenzake, akahamia tawi jingine, akaanza kulitafuna. Nyumba ikaanza kupasuka.

"Mfungueni mlafi," Bi Kidawa akaamka akasema.

Makame akang'ata jani la huku, akakumbatia la kule, akaning'inia hivyo mpaka wenzake walipomaliza kushona. Halikudondoka yai hata moja.

Wanaopima saratani nao hawatazami unene wa uvimbe tu; hutazama kama chembe zake zingali zimeshikana, au zimeanza kuachiana na kuhamia kwingine mwilini. Na kwa majimoto, tangu siku hiyo, mguu hushikwa kwanza, shikamoo hufuata.