Kundi la Misima Limeegemea Wapi

"Kundi hili la WhatsApp lina mwenyewe!" Hiza alifoka huku akimkabidhi Munira simu yake. "Naenda Handeni kumkabili admini uso kwa uso. Kura kesho, na kaunda suti nimeshashona!"

"Pole mjomba," alisema Munira, mchajisha simu. Umeme ulikuwa umekatika siku ya tatu, na kibanda chake cha sola ndicho kilichokuwa tegemeo la Misima nzima. "Niiache wazi bila namba ya siri, ukipigiwa nikupokelee?"

"Iache wazi kama siku zote. Na wewe jiandae. Nikiwa mwenyekiti wa soko, vibanda vyote vya barabarani nahamishia bondeni."

Munira akacheka tu. Akachomeka waya, akaipanga simu rafuni pamoja na nyingine kama sitini za watu waliokwenda kupalilia, ya mama yake Hiza ikiwamo.

Basi jamaa akapanda bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Alimkuta Mwalimu Fausta, mstaafu anayesimamia kundi la Sauti ya Misima, anachambua mchicha barazani.

"Shikamoo mwalimu. Masharti yako yananimaliza! Umekataza sauti, umekataza picha za kampeni. Ndiyo maana kundi zima limekuwa la mpinzani wangu Shamsia."

"Marahaba. Masharti hayachagui mtu, mwanangu. Kundi ni watu. Watu hawakutaki."

Lo! Hilo lilimchoma. Akabisha, akaapa, akapiga meza mpaka mchicha ukamwagika. Mwalimu akachoka naye. Akashika simu, akafuta masharti yote, moja baada ya jingine.

"Haya, kila mtu aseme atakalo. Tuone sasa."

Wakaikodolea macho simu ya mwalimu. Haikupita dakika. Bibi Zamda: Shamsia oyee! Mzee Sadala: Shamsia tu, hatudanganyiki. Sabiri, ambaye hajamsalimia Shamsia tangu wagombanie mpaka wa shamba: Shamsia ndiye chaguo langu.

"Hata Sabiri? Tena saa nne hii wote wako shamba!"

"Siku hizi watu wanapalilia huku wanachati," alisema mwalimu.

Hiza akajibwaga kwenye mkeka. Miaka kumi amekitamani kiti kile. Machozi yakamlengalenga, mtu mzima na ndevu zake.

"Basi ni watu kweli, mwalimu. Hawanipendi."

"Usijali. Utagombea tena."

Simu ikalia. Mwalimu akasoma, akafuta miwani kwa kanga, akasoma upya.

"Hiza, hii si namba yako?"

Akamsogezea kioo cha simu. *Ndugu zangu, mimi Hiza nimetafakari. Vibanda vibaki vilipo. Kesho kura zangu zote mpeni Shamsia.*

Kabla hajafumba mdomo, chini yake likaingia dole gumba, kutoka simu ya mama yake mzazi.