Mabega ya Babu

Udongo wa ziwani ulikuwa bado mbichi Teodora alipomwekea bibi yake kiganjani sarafu aliyoifinyanga, pana kama kisahani cha chai. Alikuwa akibuni sarafu mfano wa zile za wafalme wa Roma ya kale, ila sura alizochonga zilikuwa za watu waliowapigania wakulima wa pamba. Hii ilikuwa ya babu, aliyechukuliwa na askari wa mkoloni asirudi tena.

Macho ya bibi yalishazimika. Kidole gumba chake kilipita taratibu kwenye paji la uso uliochongwa, kikashuka puani, kikatulia mdomoni. Miaka yote waliyoishi pamoja mtaani Pasiansi, Teodora hakuwahi kumsikia akimtaja mumewe.

Kilipofika shingoni, kidole kikakwama.

"Umemkata shingo, mjukuu wangu?"

"Hapana, bibi. Sarafu za kale ndivyo zilivyo, huishia shingoni."

"Hizo za kwao. Huyu mpe mabega yake."

Teodora akaichukua sarafu. Akabandika udongo mwingine, akaulainisha kwa maji, akamrudishia.

Bibi akapapasa huku na huku, akatikisa kichwa.

"Hili la kushoto lishushe kidogo," akasema. "Ndilo nililokuwa nikilalia."