Aliyemchongea Anyelwisye

Nesta alimkwida Sunday shati mbele ya wageni waliokuwa wakila kuku wa kuchoma.

“Nitajie aliyemchongea mume wangu. Leo hutoki hapa!”

Zamani hapo palikuwa kiwanda cha kukoboa kahawa, kando ya barabara ya Tunduma. Sasa, mwaka 2013, ghala limekuwa mgahawa, mashine zimepakwa rangi nyekundu ziwe mapambo, na kuta zimejaa picha za wachoraji zinazonunuliwa na Wazambia wenye pesa zao. Sunday, aliyekuwa mlinzi wa geti, ndiye anayewatembeza wageni. Nesta aliichukia ile rangi. Mumewe Anyelwisye alikamatiwa humo mwaka 1988 kwa wizi wa kahawa, akafia gerezani, na leo watu wanapiga picha na kuchekacheka.

“Shemeji, niachie kwanza.”

“Shemeji yako nani? Si wewe uliyekuwa unampekua kila jioni? Ni wewe!”

“Alikuwa anaficha punje za kahawa kwenye soksi,” Sunday alisema taratibu. “Nilikuwa naona, nanyamaza. Alikuwa rafiki yangu.”

“Mwongo mkubwa! Zile zilikuwa chenga za kufagia. Si mlikuwa mnagawiwa?”

“Nani alikwambia?”

“Mwenyewe.”

Sunday alitikisa kichwa. “Hatukugawiwa hata punje moja.”

Nesta alitamani kumzaba kibao. Miaka ishirini na mitano amewanunia majirani wote. Hata na dada yake Tumpe hawasalimiani, maana mmoja wao lazima ndiye. Na alivyokuwa akiwakirimu, wasio na haya wale! Nyumbani kwake hakuna mgeni aliyewahi kuondoka na koo kavu.

“Haya, kama si wewe, ni nani? Nani alikwenda kusema kwa meneja?”

“Hakuna.”

“Sunday, usinichezee!”

Wageni walikuwa wameacha kula. Sunday aliutoa mkono wa Nesta shatini mwake, polepole, kidole kimoja kimoja, kisha akaushika.

“Meneja alikuja mwenyewe kwenu kukupa hongera, ulipojifungua, wiki ile ile aliyokamatwa mumeo. Kwetu sisi wafanyakazi wengine, kila alipopita, alikunywa chai. Wewe, shemeji, ulimkaribisha kahawa.”