Mstari wa Sinia

Kila nyumba ilikuwa na sinia linalosoma damu. Mnaweka vidole ukingoni, sinia linapima vimeng'enya vyenu, kisha linachora mstari wa mwanga juu ya chakula: huku chako, kule cha mwenzako. Ambaye vimeng'enya vyake ni vivivu, hata mafuta yakamganda na kuwa unene, hapewi kinono. Mkono ukivuka mstari, sinia linajifunika.

Mwanakombo hakuwa na la kulalamika. Mumewe, aliyekuwa akihema kwa ngazi tatu tu, sasa alikwenda msikitini kwa miguu, na kanzu yake ya harusi ilimwenea tena.

Ijumaa moja Mwanakombo alipika pilau la mbuzi. Nyama yote ikaangukia upande wake. Kwa mazoea ya miaka thelathini, akachukua mnofu wa ubavuni amsogezee mumewe. Mkono ukasita mstarini.

"Kula tu, Mama Raya," mumewe akasema kwa upole, akijichotea kachumbari. "Damu yako inaweza."

Akautia kinywani. Ukayeyuka ulimini.

"Mtamu?"

"Wa kawaida tu," alijibu Mwanakombo, akashukuru moyoni kwamba sinia linapima damu tu.