Komeo la Kijiko

"Usiguse, mwanangu," shangazi alisema, na sauti yake ndiyo iliyomtia binti hofu kabla hajaona chochote.

Sanamu ya ukumbusho ilikuwa ya milango mitupu, ile iliyookotwa pamoja na fremu zake kwenye vifusi baada ya mji kulipuliwa vitani, ikasimamishwa kama watu kwenye foleni. Mmoja ulikuwa na komeo la kijiko. Mlango wa kwao! Baba yake ndiye aliyekipinda kijiko kile na kukipigilia kwa nje.

Komeo lilikuwa limefungwa.

Miaka yote shangazi, aliyemtoa kwenye moto na kumlea, alimwambia mlango waliuacha wazi, ni wazazi wake tu waliochelewa kutoka.

"Shangazi, nani alifunga?"

Shangazi akamkamata mkono, akambana. "Twende zetu. Jua litatuchoma bure."

Binti alijichomoa, akamtazama shangazi yake kama mtu asiyemjua. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kijiko: inua kidogo, sukuma kushoto. Vidole vilijua.

Hapo ndipo lilipomjia jina ambalo hakuna aliyemwita tena tangu siku ile. Bawabu. Kila alipobebwa kutoka nje, ilikuwa lazima anyanyuliwe alifunge komeo mwenyewe, la sivyo alilia mpaka majirani wakatoka.

"Shangazi," alisema, "siku ile ulinibeba?"

"Nilikuambia usiguse," shangazi alisema. "Nilikuambia, Bawabu wangu."