Sifuri Nne za Mwisho

Chola alisimama ameshika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda wake ulikuwa juu ya meza ya inspekta, kando ya kompyuta.

"Kutishia mama ya bantu ku simu!" inspekta alisema. "Kadi ya simu njo yako, mashine inasema. Leo utalala ku gereza ya Kasapa."

"Chef, miye hata simujue ule mama."

Kwenye kioo cha kompyuta, namba ya kadi iliyotuma vitisho iliishia na sifuri nne. Chola alitoa kadi kwenye simu yake, akaiweka juu ya ncha ya kidole. Ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, lakini namba iliyochapwa juu yake ilisomeka.

"Yangu inaisha na saba, moja, mbili, tisa. Andika tena, chef, polepole."

Inspekta aliandika tarakimu zote kumi na tisa. Zilikaa sawa mpaka alipobonyeza kitufe cha mwisho, ndipo nne za mwisho zikageuka sifuri mbele ya macho yao. Namba ilizidi uwezo wa mashine, nayo ikazifuta za mwisho bila kuonya. Kisha ikaipaka rangi nyekundu: imelingana.

"Ah bon?" inspekta alishangaa.

"Sasa andika yako. Kadi za hapa zote zinatoka ku boksi moja, zinaachana ku nne za mwisho tu. Ama unaogopa?"

Inspekta alicheka kwa dharau, akatoa kadi yake mwenyewe, akaandika, akabonyeza.

Sifuri nne. Nyekundu.

Chola alimnyooshea inspekta mkono wake uliokuwa huru.

"Basi na weye toa mukaba, chef."

Inspekta alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko, akamsukumia Chola mkanda uliokuwa mezani. Chola alikosa tundu mara mbili.