Gauni la Kijani la Bibi Mashavu

Siku mgeni wa mfuko wa jamii alipokuja kukikagua kikundi cha Tunu, kinachowapikia wazee wasio na ndugu, Bibi Mashavu, mmoja wa wazee hao, alivaa gauni lake la kijani na kujipaka wanja. Mgeni alikuwa mpole. Alikula nao, akasifu mchicha. Kisha akatoa kamera na kumvuta Tunu pembeni.

"Dada, bibi hana nguo za kila siku? Kamati ikimwona hivi itasema hamna shida, na ruzuku mtaikosa."

Tunu aliliangalia paa la jiko, lililotoboka hadi mawingu yakaonekana. Mvua zilikuwa karibu. Akamtazama Bibi Mashavu, aliyekwisha kukaa wima akingoja kupigwa picha.

"Shida tunazo," alisema. "Lakini leo bibi amependeza. Mpige picha hivyo hivyo, kaka, au tuache."

Mgeni akapiga magoti mbele ya bibi.

"Tazama huku, bibi yangu."

Alipomwonyesha picha, bibi aliichukua kamera kwa mikono miwili, akajitazama, akacheka kidogo, akajitazama tena. Hakuna aliyethubutu kumwomba airudishe.